Shukrani za Ukurasa wa Kumi na Moja

Hati za mahakama zililetwa Rosalba Court, Troyeville, Johannesburg, Jumanne saa nne asubuhi. Zilikuwa kurasa themanini na sita. Mpeleka hati alizifunga kwa kamba ya plastiki kwenye nondo za geti, akapiga picha tatu za kuthibitisha kazi yake, akapanda gari na kuondoka.

Denise, Mkongo, alikuwa uani akimsuka Shufaa wa ghorofa ya tatu. Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umekwisha, mistari myembamba inayorudi nyuma. Wa kulia ulikuwa umechanwa tu na kupakwa mafuta. Bakiri alitokea getini na hati mkononi. Alikuwa fundi cherehani kutoka Tanga na mwenyekiti wa kamati ya jengo, mtu wa kusalimia kila anayepita. Siku hiyo hakusalimia.

"Mama Héritière, mumeo yuko wapi?"

"Amelala. Ametoka kazi sasa hivi."

"Mwamshe."

"Nimuamushe juu ya nini? Amelinda geti ya bantu bengine usiku muzima."

"Sasa aje atuelezee habari za geti letu."

Watu walianza kushuka. Bakiri alifungua ukurasa uliopigwa wino wa njano na mawakili wa mwenye jengo, akasoma Kiingereza polepole huku akitafsiri. Kampuni inayomiliki jengo ilikuwa inaomba wakazi wote waondolewe kwa sababu jengo ni hatari kwa maisha. Ushahidi wa hatari hiyo ulikuwa Kiambatisho F, makala ya kisayansi ya kurasa kumi na mbili, iliyoandikwa na watu kumi na mmoja kutoka nchi sita. Makala haikutaja jengo lolote kwa jina. Ilizungumzia Jengo A, B, C na D. Lakini katika ukurasa wa kumi na moja, chini kabisa, kabla ya orodha ya marejeo, kulikuwa na aya ya shukrani.

"'Waandishi wanamshukuru Firmin Kabange Mwamba,'" Bakiri akasoma, "'fundi wa vipimo, mhitimu wa elektroniki wa Lubumbashi, mkazi wa Rosalba Court, chumba namba 14, ghorofa ya pili, Troyeville, kwa msaada wake katika Jengo C.'"

"Jengo C ndiyo sisi?" Shufaa akauliza.

"Ndiyo sisi."

"Na humo wameandika nini juu ya Jengo C?"

"Kila kitu."

Shufaa akasimama. Alichukua kitambaa chake mgongoni mwa kiti, akafunga kichwa kikiwa kimesukwa nusu, akamtupia Denise noti ya randi hamsini.

"Shufaa, keti nimalize. Unatoka hivi?"

"Nitamaliziwa mtaa wa Bertrams. Nyumba ya mpelelezi sikai."

Noti iliangukia kwenye maji ya kuoshea vitana. Denise aliiacha pale mpaka watu walipogeuka, ndipo akaiokota.

Firmin, mume wa Denise, aliteremka akiwa na suruali ya sare na fulana. Alikuwa na miaka arobaini na sita na alivaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa waya mwembamba wa shaba, kazi safi. Bakiri alimpa ule ukurasa. Alisoma kwanza jina lake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona kwenye karatasi iliyochapwa, na kwa sekunde moja uso wake ulionyesha furaha. Watu wengi waliiona.

"Anacheka," mtu akasema kutoka ngazini.

"Sicheki."

"Bwana Firmin," Bakiri akasema, "mwaka juzi ulikuja mlangoni kwangu na fomu. Ukanisomea mwenyewe, kwa Kiswahili chako hicho kilichonyooka kama cha redio. Ilisema nini ile fomu?"

"Jina la jengo halitatajwa popote."

"Popote ni wapi?"

"Halikutajwa kwenye matokeo."

"Limetajwa wapi?"

"Kwenye shukrani."

Walicheka, na kicheko hicho hakikuwa na wema.

*

Katika makala hiyo hakukuwa na tarakimu ya uongo. Hilo lazima lisemwe kwa sababu baadaye wengi walidai kinyume. Kwa miezi kumi na minne visanduku ishirini na tatu vilining'inizwa kwenye vyumba na korido za Rosalba Court kupima moshi na kaboni monoksidi. Vyumba thelathini na nane kati ya arobaini na kimoja vilipata umeme kwa nyaya zilizounganishwa bila kibali kwenye nguzo ya mtaa. Umeme ulipokatika, vyumba ishirini na saba viliwasha majiko ya mafuta ya taa au mkaa. Kiwango cha gesi kilivuka mpaka wa usalama katika siku mia moja na kumi na mbili. Watoto walikohoa mara tatu zaidi ya watoto wa mtaa wa jirani. Yote haya yalikuwa kweli, na wakazi waliyajua kabla ya visanduku kuja.

Utafiti ulilipiwa na fedha za umma za Ulaya. Sharti mojawapo la fedha hizo ni kwamba kila chapisho liwekwe wazi mtandaoni, lisomwe na yeyote bila malipo. Sharti hilo liliwekwa kwa ajili ya watu kama Firmin, wasiomudu kununua majarida ya sayansi. Liliwafaa pia mawakili wa mwenye jengo. Kwa miaka tisa kampuni hiyo haikuwa imebadilisha hata taa ya korido.

Firmin aliajiriwa na mradi kama mkusanyaji wa data. Kila Jumatatu alizunguka na ngazi, akabadilisha betri, akanakili kumbukumbu. Katika mwezi wa tano aligundua kwamba mvuke wa mafuta ya taa ulikuwa unavidanganya visanduku, vikisoma gesi chini ya kiwango halisi. Alitengeneza jedwali la masahihisho kwa mkono kwenye daftari. Jedwali hilo limo kwenye makala, sehemu ya pili, aya ya nne, bila jina la mtu. Alipoomba kuwa mmoja wa waandishi, alijibiwa kwamba mchango wake haukufikia vigezo, lakini angeshukuriwa. Akatumiwa fomu yenye nafasi moja: ungependa kushukuriwa vipi?

Shuleni kwao Lubumbashi, barua yoyote ya maana huanza na utambulisho kamili: majina matatu, kazi, masomo, namba ya nyumba, mtaa. Anayeandika jina tupu ni mtu asiyetaka kupatikana. Firmin alijaza nafasi hiyo kama alivyofundishwa. Ilimchukua jioni nzima, maana aliandika rasimu mbili.

*

Alhamisi umeme wa chumba namba 14 ulikatwa. Waya haukuvutwa wala kuchomolewa. Ulikatwa kwa mkasi wa kushonea, na mkato ulikuwa safi. Bomba la uani halikukatwa, kwa kuwa ni la wote, lakini ndoo ya Denise ilitolewa kwenye foleni mara mbili na kuwekwa mwisho. Kufikia Jumamosi hakuwa na mteja hata mmoja. Kiti chake kilikutwa kimegeuzwa miguu juu.

"Nimebasuka miaka mine," alisema akimenya viazi karibu na dirisha, kabla jua halijazama. "Kichwa ya kila mwanamuke wa hii nyumba najua. Nani ako na kovu, nani ananyonyoka, nani anapigwa na bwana yake. Sikusema kwa mutu. Leo miye ni bibi ya espion."

"Mimi si mpelelezi."

"Najua. Mpelelezi analipwa."

Héritière, binti yao wa miaka kumi na saba, alikuwa kitandani na vitabu vya mtihani wa mwisho wa sekondari. Alielewa kila neno lakini alijibu kwa Kiingereza, kama siku zote. Alisema shuleni mtu wa chumba 22 amemwita mtoto wa askari wa uhamiaji. Kisha akauliza kama ni kweli baba yake alijitia mwenyewe kwenye ule ukurasa.

"Niliulizwa, nikajibu."

"Ulijibu zaidi ya ulichoulizwa, Papa," binti akasema, akageuza ukurasa wa kitabu chake.

Firmin alifikiri hilo lilikuwa sahihi.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa Doornfontein, juu ya karakana ya kukata vioo. Daktari Lerato, mratibu wa mradi kwa upande wa Johannesburg, alimpokea Jumatatu saa tano. Alimkaribisha kiti, akamwomba radhi kwa kelele za chini, akafunga dirisha. Walizungumza Kiingereza.

"Nimesikitika sana, Firmin. Sote tumesikitika. Profesa mkuu wa mradi pia, kule Ulaya. Tutaondoa aya ile. Masahihisho yapo tayari, jarida limeshakubali."

"Lini?"

"Wiki hii."

Firmin alikumbuka kwamba barua pepe yake kuhusu mvuke wa mafuta ya taa ilikaa wiki saba bila jibu.

"Ila tunahitaji kitu kutoka kwako." Daktari Lerato alisukuma karatasi moja mezani. "Kamati ya maadili inauliza. Wafadhili wanauliza. Hii ni taarifa fupi tu."

Taarifa ilikuwa na sentensi nne. Ilisema kwamba Firmin Kabange Mwamba, mkazi wa jengo lililotafitiwa, alitaja jina la jengo kwa hiari yake. Kwamba aliongeza anwani hiyo baada ya rasimu ya mwisho kupitishwa. Kwamba hakuna mtumishi wa mradi aliyejua. Na kwamba mradi ulitimiza ahadi zake zote za usiri.

Firmin aliisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye sentensi ya pili.

"Hii si sahihi. Fomu niliijaza kabla ya rasimu ya mwisho. Waandishi wote kumi na mmoja waliithibitisha rasimu hiyo. Ni kanuni ya jarida."

"Walithibitisha matokeo. Hakuna anayesoma shukrani, Firmin."

"Mawakili wamesoma."

Daktari Lerato alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya kupindukia. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa unaisha Desemba, na jina lake lilikuwa la tatu kati ya yale kumi na moja.

"Sikiliza. Maabara ya Midrand iliyotutengenezea visanduku inatafuta fundi wa vipimo. Wameniuliza juu yako. Hawajali kwamba cheti chako hakijatathminiwa hapa. Wanajua jedwali la masahihisho ni lako, mimi ndiye niliyewaambia. Randi elfu kumi na nane na mia tano kwa mwezi. Unaanza tarehe mosi. Kinachobaki ni barua yangu ya kukupendekeza." Akavaa miwani. "Siwezi kumpendekeza mtu ambaye yumo kwenye uchunguzi wa maadili ambao haujafungwa. Ukisaini, uchunguzi unafungwa."

"Jedwali mlijua ni langu?"

"Bila shaka."

"Kwa nini halina jina langu?"

"Tutarudi kwenye hilo?"

Chini, msumeno ulianza kukata kioo na wote wawili wakasubiri uishe. Firmin aliikunja ile karatasi mara moja, akaitia mfukoni.

"Mpaka Ijumaa," Daktari Lerato akasema. "Na Firmin, usiwapelekee watu barua zetu za ndani. Ungejiumiza bure."

Hapo ndipo alipojua kwamba naye daktari anaikumbuka ile barua ya Machi.

*

Ilikuwa barua pepe ya tarehe sita Machi. Firmin alikuwa ameirudisha fomu kwa Daktari Lerato, akaandika chini yake: *Nimeandika utambulisho kamili, na anwani ya nyumba, kama ilivyo desturi kwetu. Kama kuna sehemu isiyofaa kutokana na usiri, tafadhali uikate.* Jibu lilikuja baada ya dakika nne, limetumwa kutoka kwenye simu. Lilikuwa na maneno matatu: *Nzuri sana, asante!*

Alikuwa na nakala kwenye simu na nyingine aliyoichapa kwa fundi wa kompyuta siku ya pili baada ya hati kuletwa. Alikuwa hajamwonyesha mtu yeyote, hata mkewe.

Jumatano jioni kamati ilikutana kwenye chumba cha cherehani cha Bakiri. Wakili aliyekubali kuwatetea bila malipo, mwanamke kijana mwenye begi la mgongoni, alikuwa amewaeleza asubuhi hiyo, na Bakiri sasa aliyarudia maelezo yake kwa Kiswahili. Firmin aliitwa asimame mlangoni. Hakupewa kiti, ingawa vilikuwapo viwili vitupu.

"Wakili anasema hivi. Kama aliyetutaja ni mradi wenyewe, uliotuahidi siri, basi ahadi imevunjwa, na yeye anaweza kuomba Kiambatisho F kitolewe chote. Kikitoka, kampuni haina ushahidi wa hatari. Itabidi walete mkaguzi wao, na sheria inawadai watutafutie pa kwenda. Ni miezi, labda mwaka. Lakini kama aliyetutaja ni mkazi, kwa mdomo wake mwenyewe," akamtazama Firmin, "hakimu atauliza siri gani tena hiyo. Kiambatisho kinabaki. Tunatoka kabla ya baridi."

"Na mradi wanasemaje?" Shufaa akauliza. Kichwa chake kilikuwa kimemalizwa na mkono mwingine. Upande wa kulia mistari ilikuwa minene kuliko wa kushoto.

"Wanasema ni mkazi."

"Basi ni mkazi. Huyu hapa. Tunazunguka nini?"

"Mwache ajibu. Bwana Firmin, una neno?"

Firmin alikuwa na karatasi mbili mfukoni, moja ya Daktari Lerato na moja ya tarehe sita Machi. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Chai haijachemka?"

"Bado sina la kusema."

"Jitu lina shule hili," mtu akasema kutoka nyuma ya cherehani. "Shule ya kutuuza kwa Wazungu, na hata bei hakuuliza."

*

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alimweleza Denise kila kitu baada ya binti yao kwenda shule: Midrand, taarifa ya sentensi nne, maneno ya wakili, barua ya Machi. Aliyaeleza kwa mpangilio huo, na hakuruka kitu.

Denise alisikiliza amesimama. Kisha akafungua kabati, akatoa kalamu, akaiweka mezani.

"Saini."

"Umeelewa nikisaini kinatokea nini?"

"Nimeelewa. Tunaenda Midrand. Héritière anaandika mtihani yake kwa taa ya umeme. Miye nasukia bantu benye adabu."

"Na hapa wanatolewa. Watu mia moja sitini na wawili."

"Weye ulibahesabu. Ni kazi yako. Lakini kati ya hao mia moja na ngapi, taja mumoja. Mumoja tu, mwenye alisema: mwacheni Papa Firmin, tunamujua." Alisubiri. "Unaona? Ile siku nililala na homa, nani alileta maji? Hakuna. Ni bantu bale bale kabla ya makaratasi. Tofauti, sasa banasema kwa sauti."

"Taarifa ina uongo. Sentensi ya pili."

"Uongo!" Denise akapiga meza kwa kiganja. "Miaka sita unavaa sare iliyoandikwa kampuni ya mwingine. Unasema *yes boss* kwa vijana ba kuzaliwa jana. Hiyo haina uongo? Bale balikula jedwali yako, kumi na mumoja, kila mutu na kijiko, uliandika barua ya kulalamika? Ulishukuru! Sasa mara moja, mara moja tu, bananunua kitu kwako. Na weye unapima kama iko sawa na sentensi."

"Niliwasomea ile fomu, Denise. Milango arobaini na mmoja. Nilisema halitatajwa popote."

"Ulisema juu ya mradi. Haukusema juu yako."

"Walinifungulia mimi. Mradi hawaujui."

"Na ile kweli yako itatulipa ngapi kwa mwezi?"

Firmin alifikiri kwa sababu alikuwa ameulizwa tarakimu. "Elfu sita na mia mbili," akasema. "Kama sasa."

Denise aliirudisha kalamu kabatini, akalifunga kwa kishindo. Baada ya hapo hakusema naye mpaka Jumapili.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba Firmin aliwahurumia majirani. Hakuwahurumia. Hakuwapenda hata kabla ya wiki hiyo: walikuwa na kelele, walipitisha nyaya vibaya, na wawili kati yao waliwahi kuiba betri za visanduku. Lakini kwa miezi kumi na minne alikuwa ameandika kwenye daftari lake namba ambayo kifaa kilionyesha, hata pale alipojua kwamba ofisini wangependa nyingine. Hakujua namna ya kutia saini yake chini ya kipimo alichojua si sahihi. Midrand wangemwajiri kwa sababu hiyo hiyo.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi aligonga kwa Bakiri. Shufaa alikuwa pale akipimwa gauni. Firmin aliweka karatasi zote mbili juu ya meza ya kukatia nguo.

Bakiri alivaa miwani ya kazi, akasoma ile ya Machi kwanza. Alisogeza midomo. Alipomaliza akaisoma tena kwa sauti, kwa Kiswahili, pamoja na yale maneno matatu ya jibu. Shufaa alishusha mikono aliyokuwa ameinyanyua.

"Hii unayo tangu lini?" Bakiri akauliza.

"Tangu Machi."

"Sikuulizi ilipoandikwa. Hati zimeletwa tarehe tatu. Juzi nimekusimamisha hapo mlangoni, nikakuuliza una neno. Ulikuwa nayo?"

"Mfukoni."

"Na hii ya pili ni nini?"

"Walitaka nisaini. Wangenipa kazi Midrand."

"Kwa hiyo juzi ulikuwa unaisubiri kazi."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ungesaini, hii karatasi ya Machi tungeiona?"

Kulikuwa na majibu mengi ambayo mtu mwingine angeyapata haraka.

"Hapana," Firmin akasema.

Bakiri akavua miwani. Alizikunja zile karatasi kwa uangalifu wa mtu anayekunja kitambaa cha mteja, akazitia kwenye droo ya cherehani.

"Nitampelekea wakili leo. Atakuhitaji ule kiapo."

"Nitakuja."

"Utakuja. Lakini usingoje asante, Bwana Firmin. Hapa hupati."

"Sikuja kwa hilo."

"Mtu mzima, ovyo kabisa," Shufaa akasema akiutazama ukuta, akanyanyua tena mikono ili apimwe.

*

Mahakamani Firmin alisimama kizimbani kwa dakika tisa. Wakili wa kampuni alimuuliza kama ni desturi yake kuwapa wageni anwani ya nyumba yake. Alijibu ndiyo, kwenye barua rasmi. Aliulizwa kama yeye ni mwanasayansi. Wakili wa wakazi alipinga swali, lakini Firmin alikuwa ameshajibu kwamba ni mlinzi wa geti. Karani aliliandika hilo.

Kiambatisho F kiliondolewa kwenye jalada. Kesi iliahirishwa kwa miezi mitano ili kampuni ilete ripoti ya mkaguzi. Haikuwa ushindi, nyaya zilikuwa zile zile na moshi ulikuwa ule ule. Nje ya mahakama watu wa Rosalba Court walishikana mikono na wakili, wakapiga picha naye kwa zamu. Firmin alikaa pembeni akisubiri mtu wa kurudi naye kwenye teksi. Teksi ilijaa. Akatembea.

Barua ya Daktari Lerato ilifika siku iliyofuata. Mradi ulimshukuru kwa huduma yake na kumjulisha kwamba jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wakusanyaji wa data kwa awamu ya pili, kwa kukiuka usiri wa mawasiliano ya ndani. Midrand waliandika sentensi moja. Nafasi ilikuwa imejazwa.

Waya wa chumba namba 14 uliunganishwa tena wiki mbili baadaye. Hakuna aliyesema ni nani. Denise alianza kupata wateja kutoka Bezuidenhout Valley, watu wasiomjua. Wanawake wa jengo walipita mbele ya kiti chake wakiwa wamesukwa kwingine.

Jumapili moja alasiri, Firmin akijiandaa kwa zamu ya jioni, Héritière alisema ameyaona masahihisho kwenye simu. Makala ilikuwa pale pale, kurasa kumi na mbili, waandishi kumi na mmoja, jedwali la masahihisho mahali pake. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa umebadilishwa. Aliusoma kwa Kiingereza, na baba yake akatafsiri kwa ajili ya mama, kama alivyokuwa akifanya mlangoni kwa watu.

"'Waandishi wanawashukuru wakazi wa majengo yote manne.'"

"Ni hivyo tu?" Denise akauliza.

"Ni hivyo tu."

"Na weye uko fasi gani hapo?"

Firmin alifunga vifungo vya sare kuanzia chini. "Kwenye wakazi."

"Na Bakiri?"

"Naye."

"Na Shufaa. Na yule wa mukasi."

"Wote. Majengo manne, watu mia sita na kumi na moja."

Denise alicheka kwa mara ya kwanza tangu tarehe tatu, kicheko kikavu cha puani.

"Bon. Ukikutana nabo kwa ngazi, ubaambie: tumeshukuriwa bote."

Firmin alichukua kofia yake, akashuka. Kwenye ngazi alipishana na watu wanne. Wa kwanza alikuwa mtoto, akamwamkia, na mama yake akamvuta mkono.